Jibu Lililopata Alama Zote

Kwa miaka kadhaa mtihani wangu wa jenetiki kwa wanafunzi wa udaktari ulikuwa na swali ambalo sikulibadilisha. Mtoto amepimwa na kukutwa na selimundu. Hemoglobini yake ni SS. Mama ni AS. Baba amepimwa na hana hemoglobini S. Unahitimisha nini? Mwongozo wa kusahihishia niliuandika mwenyewe, nao ulitaka sentensi moja tu: mwanamume huyu si baba mzazi wa mtoto. Aliyeandika hivyo alipata alama zote. Aliyeandika kwamba inategemea kipimo kilichotumika alikosa, na pembeni nilimwandikia kwa wino mwekundu kwamba daktari hapaswi kuyumba.

Jibu lile ni la makosa. Limevunja nyumba ya watu ambao hawakunijua, na ulipofika wakati wa kusema kwamba limetoka kwangu, nilinyamaza nikamwacha kijana mmoja aubebe mzigo wote peke yake. Ninaungama yote mawili, na la pili ndilo linalonisumbua zaidi.

Kosa lilianzia kwenye somo nililolipenda kuliko yote. Jenetiki ilipewa saa chache katika ratiba iliyojaa, na wanafunzi walikuja wamechoka, wengi wakiamini kwamba ni mambo ya nchi zenye maabara kubwa. Mimi nilikuwa na selimundu ya kuwaamshia. Nchini mwetu inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka, na hakuna mwanafunzi aliyepita wodi ya watoto bila kuwaona. Nilianzia Chicago mwaka 1910, James Herrick alipoandika habari za chembe za damu zenye umbo la mundu alizoziona kwa kijana wa Grenada aliyekuwa akisomea udaktari wa meno. Nikapita kwa Linus Pauling na wenzake, ambao mwaka 1949 walionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa hawa husafiri tofauti inapowekwa kwenye umeme. Nikafika kwa Vernon Ingram, aliyegundua kwamba tofauti yote ni asidi amino moja: mahali pa sita katika mnyororo wa beta, glutamiki imeondoka, valini imekaa. Halafu Anthony Allison, aliyekulia Kenya, akachukua damu za watu huko mwaka 1949 na kuona kwamba jeni ya S imejaa Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini ni haba kwenye nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 akachapisha hoja yake kwamba wenye AS wana kinga dhidi ya malaria. Hapo wanafunzi walikuwa wameshaacha kuandika, wanasikiliza tu.

Ndipo nilipochora jedwali la Punnett. Baba AS, mama AS, miraba minne: mmoja AA, miwili AS, mmoja SS. Katika kila mimba, uwezekano wa robo. Nilifuta herufi upande wa baba, nikaandika AA, nikawaonyesha kwamba mraba wa SS umetoweka. “Hesabu haidanganyi,” niliwaambia, na nilikuwa ninaamini hivyo kwa moyo wote. Katika fani ambamo kila kitu huanza na “huenda” na “mara nyingi”, niliona fahari kuwapa vijana kitu kimoja cha hakika.

Ile miraba ni sahihi. Kasoro iko kwenye herufi tunazoziingiza. Jedwali linachukulia kwamba tunajua wazazi wana nini, na sisi hatujui wana nini; tunajua tu kipimo kimesema nini. Kipimo cha siklingi, ambacho ndicho hospitali nyingi zinacho, huchukua tone la damu, huinyima oksijeni kwa dawa, kisha mtu huangalia kwenye darubini kama chembe zimejikunja. Kinajibu swali moja: S ipo au haipo. Hakitofautishi AS na SS. Dawa ikiwa imechakaa, kinaweza kusema haipo kumbe ipo. Na kinaposema kwamba mtu hana S, hakijathibitisha kwamba ni AA. Haya nilikuwa ninayajua. Sikuyafundisha, kwa sababu yaliharibu uzuri wa mraba uliotoweka.

Mtoto mwenyewe alikuwa wa mwaka mmoja na nusu, wa mji wa pwani, aliletwa hospitali ya rufaa nilikokuwa ninafundisha huku viganja na nyayo zimevimba na macho yana umanjano. Kila homa iliyokuja alikuwa ametibiwa malaria. Elektroforesisi ilionyesha S na hemoglobini ya utotoni, bila A hata kidogo, na maabara ikaandika SS. Daktari wa mazoezi aliyempokea alifanya kazi nzuri: alimpa maji, alimtuliza maumivu, alimwanzishia penisilini. Akaomba wazazi wapimwe siklingi, ili awaeleze kuhusu mimba zijazo. Mama akawa na S. Baba hakuwa nayo.

Daktari yule alikuwa mwanafunzi wangu. Swali langu alilijibu mtihanini na kupata alama zote. Akasimama pembeni ya kitanda, mama amempakata mtoto, baba amesimama, wifi wa mama ameshika chombo cha uji, akamwambia baba kwamba kwa majibu haya yeye hawezi kuwa baba wa mtoto huyu. Muuguzi aliyekuwepo alinisimulia kwamba hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetoa jibu analolijua.

Mama hakulia wala hakubisha. Aliuliza kama kipimo kinaweza kurudiwa. Daktari alimwambia kitaleta majibu yaleyale, na katika hilo alikuwa sahihi. Baba alitoka nje. Mtoto aliporuhusiwa, aliyekuja kuwachukua ni kaka wa mama, kwa sababu talaka ilikuwa imeshatoka na mama anarudi kwao. Habari zilikuwa zimefika mtaani kabla yake, maana wifi alisikia yote kwa masikio yake. Nani asiyejua mji mdogo unavyomtenda mwanamke aliyesemwa hivyo na daktari? Neno la jirani linaweza kukanushwa. La daktari lina karatasi.

Muuguzi kiongozi wa wodi ndiye aliyepeleka malalamiko, na ninamshukuru. Kikaitishwa kikao. Nilialikwa kama mwalimu. Kijana alipoulizwa kwa nini alitamka maneno yale, alijibu, “Ndivyo tulivyofundishwa.” Hakunitazama. Nadhani aliniheshimu mno kuweza kunitazama. Mwenyekiti akanigeukia mimi, nami nikasema kwamba darasani tunafundisha sayansi, na kwamba namna ya kuzungumza na familia ni busara ambayo kila daktari anatarajiwa kuwa nayo.

Kila neno katika sentensi ile lingeweza kutetewa, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba ukiona majibu yale, hitimisho ni moja. Mimi ndiye niliyewanyima alama waliositasita. Katika saa zote za somo langu hapakuwa na hata dakika moja ya kuuliza nani amesimama karibu na kitanda. Kijana akapewa barua ya onyo. Nilitoka kikaoni nikajiambia kwamba barua ya onyo si jambo kubwa, atapona. Wakati huo bado niliamini kwamba alichokisema kilikuwa kweli, kwamba alikosea tu mahali pa kukisemea. Imani hiyo haikunipunguzia kosa. Ninaitaja kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Miezi michache baadaye mtoto alilazwa tena, damu imeshuka sana, ndugu wakaombwa kuchangia damu. Baba alikuja. Alikuwa ameambiwa mbele ya watu kwamba mtoto si wake, na akaja kumchangia damu. Sijawahi kupata ujasiri wa kumuuliza kwa nini. Alipopimwa kabla ya kutoa, hemoglobini yake ikawa 11.8, chini ya kiwango kinachotakiwa, akaambiwa hawezi kuchangia. Bahati, na ni bahati tupu, mwenzetu mtaalamu wa magonjwa ya damu alikuwa na faili la mtoto mkononi siku ileile. Alikuwa ameona jambo ambalo sisi wengine tulilipita: chembe nyekundu za mtoto zilikuwa ndogo mno kwa SS ya kawaida. Sasa mwanamume mzima mwenye afya, asiyelalamika chochote, naye ana damu pungufu. Alimwomba ridhaa, akampima picha kamili ya damu, na sampuli nyingine ikapelekwa kwenye mashine inayotenganisha aina za hemoglobini. Chembe za baba zilikuwa ndogo na pauka. Hemoglobini A2 yake ilikuwa asilimia 5.4, wakati mpaka wa kawaida ni kama 3.5.

Baba ni mbebaji wa beta thalasemia. Jeni yake moja ya beta inafanya kazi, nyingine imenyamaza, haitengenezi mnyororo wowote. Mtu wa namna hii hana S hata chembe. Mpime siklingi utakavyo, itakuja hasi. Lakini akimpa mtoto ile jeni iliyonyamaza, na mama akampa S, mtoto atakuwa na S peke yake ya kutengenezea hemoglobini. Elektroforesisi haitaona A. Maabara itaandika SS. Wodini mtoto ataugua selimundu, kwa sababu ni selimundu, ila alama yake ya pili imetoka mlango mwingine. Jedwali langu halikuwa na herufi ya kumwandikia baba yule.

Ni lazima niwe mwangalifu hapa, nisirudie kosa kwa upande wa pili. Majibu hayo hayakuthibitisha kwamba yeye ni baba. Yaliondoa hoja yote iliyosema kwamba siye. Na hiyo ilitosha, kwa sababu hakuna aliyekuwa na shaka na mama yule kabla hatujaileta sisi.

Kinachoniumiza ni kwamba nusu ya pili ya habari hii ilikuwa katika mhadhara wangu mwenyewe. Mwaka uleule wa 1949, J. B. S. Haldane alitoa wazo kwamba wabebaji wa thalasemia huenda wanakingwa na malaria, na kwamba ndiyo sababu jeni hiyo imeenea kuzunguka bahari ya Mediterania. Nilimtaja Haldane kila mwaka, kwa fahari, kisha nikaendelea na slaidi inayofuata. Sikuwahi kuwauliza wanafunzi waliokaa mbele yangu, katika mji wa pwani, ni watu gani waliokuja huku na upepo wa kaskazi kwa karne nyingi. Thalasemia ipo Oman, ipo Yemen, ipo Gujarat. Jahazi hazikuleta tende na nguo tu, zilileta mababu. Wagonjwa wetu wengi wana bibi au babu wa upande huo na wanalitaja jambo hilo hata bila kuulizwa, na baba yule alipoulizwa na mwenzetu alitaja koo tatu bila kusita. Mimi niliitumia historia ya malaria kama hadithi ya kuwafurahisha vijana, nikasahau kwamba inawahusu watu waliolala wodini.

Na zipo njia nyingine zinazofikisha kwenye majibu yaleyale, ambazo mwanafunzi yeyote angepaswa kuzitaja kabla ya kufungua kinywa. Chupa za damu hubadilishwa. Jina huandikwa kwenye kibandiko cha mtu mwingine. Aliyeongezewa damu ndani ya miezi mitatu au minne iliyopita ana damu ya wenzake mwilini. Mara chache sana mabadiliko mapya hutokea kwenye jeni, au mtoto huchukua kromosomu zote mbili za namna moja kutoka kwa mzazi mmoja. Hizi mbili za mwisho ni adimu, sizitaji ili kumpa mtu pa kujificha. Ninazitaja kwa sababu swali langu lilimtaka mwanafunzi aandike kwamba hazipo.

Lakini tuseme baba angekuwa AA kweli, kwa kipimo bora kuliko vyote. Je, kijana angekuwa amefanya sawa? Swali hili nilikaa nalo muda mrefu kuliko lile la thalasemia, kwa sababu thalasemia ilinipa njia nyepesi: ningeweza kujiambia kwamba nilikosa ukurasa mmoja wa kitabu tu. Sikukosa ukurasa. Matibabu ya mtoto hayakuhitaji damu ya baba. Mtoto alihitaji penisilini kila siku mpaka afike miaka mitano, ambayo tangu utafiti wa Marekani wa 1986 tunajua hupunguza kwa zaidi ya asilimia 80 maambukizi ya nimokokasi yanayowaua watoto hawa. Alihitaji chanjo, foliki, kinga ya malaria. Alihitaji mama yake afundishwe kupapasa tumbo na kutambua bandama inapovimba ghafla, na kukimbia naye hospitali homa inapopanda. Alihitaji haidroksiyurea, ambayo mwaka 2019 majibu ya majaribio yaliyofanyika Angola, Kongo, Kilifi na Uganda yaliyathibitisha manufaa na usalama wake kwa watoto wa Afrika. Mambo hayo yote yangeweza kufanyika bila kumtoboa baba kidole. Na pale ambapo wazazi wenyewe wanataka kupimwa kwa ajili ya mimba zijazo, wanastahili kuambiwa kabla ya sindano kwamba kipimo cha familia kinaweza kuleta habari ambazo hawakuziomba, kila mmoja kwa faragha yake, ili aamue.

Anayetaka kujua nani ni baba wa mtoto ana njia yake. Tangu 2009 tuna sheria ya vinasaba vya binadamu, na kipimo cha uzazi hufanywa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kwa maombi yanayopitia vyombo kama mahakama na ustawi wa jamii. Wabunge waliona haja ya kuliwekea jambo hilo uzio. Mimi nililiweka kwenye mtihani kama swali la alama nne.

Majibu ya baba yalipokuja, nilimwendea kwanza yule kijana. Alikuwa amehamia kituo kingine, nikamfuata huko. Nilimwambia kwamba alichosema kitandani ni jibu langu, kwamba nilipaswa kusema hivyo kikaoni, na kwamba nimeandika kwa uongozi nikiomba barua ile iondolewe kwenye faili lake. Akasikiliza. Kisha akasema, “Mwalimu, mimi nilidhani wewe unajua kwamba ni langu pia. Mimi ndiye niliyemtazama yule mama usoni.” Sikutarajia jambo hilo, na sikuwa na la kuongeza. Barua ilitolewa. Alichokibeba hakikutolewa, na sidhani kama ni juu yangu kukitoa.

Mama nilimkuta kwao. Nilikwenda na muuguzi kiongozi, kwa sababu yeye ndiye aliyeaminiwa, na wazee wa nyumbani wakakaa nasi barazani. Nikaeleza kwa Kiswahili cha kawaida, nikasema kosa ni la ufundishaji wangu. Baba yake alinishukuru kwa kuja, na shukrani hiyo niliipokea kwa shida. Mama mwenyewe aliniuliza jambo moja: kama ninaweza kuyaandika niliyoyasema. Hakutaka pole. Alitaka karatasi, kwa sababu karatasi ndiyo iliyomtoa kwenye nyumba yake. Niliandika hapohapo, akaisoma, akaniambia sentensi ya pili haieleweki, niiandike upya bila maneno ya kidaktari. Nikaiandika upya. Baadaye ilipigwa muhuri wa hospitali na nakala ikapelekwa kwa wakwe zake. Baba wa mtoto alikuja kuomba msamaha na wazee wake. Mama aliwapokea, akawapa chakula, na hakurudi. Baba humleta mtoto kliniki kwa zamu yake, na mtoto anaendelea vizuri.

Swali nimelifuta. Sasa ninafundisha thalasemia ndani ya saa ileile ya selimundu, na wanafunzi huandika kwanza mambo yote yanayoweza kueleza majibu yasiyolingana kabla ya kuruhusiwa kuchora jedwali lolote. Saa moja nzima wanaketi na muuguzi kiongozi, si na mimi, wakijifunza kumwomba mtu ridhaa. Tumepoteza muda wa slaidi nyingi. Chicago ya 1910 sasa inachukua dakika mbili.

Hofu yangu ni wale waliokwisha kupita. Wako wilayani, kwenye vituo vya afya, wengine ndio daktari pekee wa eneo zima, na wamebeba sentensi niliyowapa alama kwa kuikariri. Nimewaandikia wote ninaoweza kuwapata, na hapa ninawaandikia nisioweza. Kama umewahi kuwaambia wazazi maneno yale, tafuta faili. Angalia ukubwa wa chembe za mtoto. Mwite baba peke yake, umweleze unachotafuta na kwa nini, na akiridhia umpime picha kamili ya damu, kisha hemoglobini A2. Kama ana upungufu wa madini ya chuma utibu kwanza, maana huo huishusha A2 na kuficha jibu. Na kama mashine haipo ulipo, nitumie ujumbe. Tutatafuta njia ya kusafirisha sampuli, kwa gharama yangu.